Jiko la Wazi la Uwesu

Wenzangu wa Newala, na nyinyi wa Masasi mnaojiona mmetutangulia, kaeni mnisikilize. Leo sina maneno laini.

Alasiri moja, hapa kwetu Newala, Ziada alikuwa jikoni na mama yake, Bi Mwanasha, wanamenya mbaazi. Mama anasimulia ugomvi wa majirani, binti anacheka mpaka mbaazi zinamtoka mkononi. Lilikuwa jiko la kizamani, kuta zimeiva masizi, dirisha dogo, na limetengwa na sebule kwa ukuta mzima. Chumba cha Bi Mwanasha kilifungukia humo jikoni, na mlango wa nyuma wa jiko ulitoka uani, kwenye bafu na choo. Ndiyo maana mama huyo aliweza kuishi nyumba moja na mkwewe, Uwesu, bila kukutana naye uso kwa uso. Wanaojua heshima ya mkwe sina la kuwaeleza. Kwa asiyejua, mama yule hakuwahi kula mbele ya mume wa binti yake, wala kupita mbele yake akienda kuoga au chooni. Uwesu naye, akitaka kitu upande wa jikoni, alikohoa kwanza, akangoja. Waliishi hivyo miaka mingi, na hakuna aliyemlalamikia mwenzake.

Siku hiyo Uwesu alirudi kutoka Tandahimba, kwa rafiki yake mnunuzi wa korosho, na hakukohoa. Bi Mwanasha aliwahi kukimbilia chumbani, mbaazi zikamwagika.

"Mama Hamudi, leo nimeona nyumba ya watu waliostaarabika!" alisema Uwesu. "Sebule na jiko kitu kimoja. Kuna kaunta, kuna stuli ndefu. Mgeni anakaa hapa, mke anakaanga pale, wanaongea. Sisi bado tunaishi pangoni. Huu ukuta nauvunja."

"Na mama atapita wapi?"

"Atapita hapohapo. Kwani mimi simba?"

"Wewe ni mkwewe, Baba Hamudi."

"Hayo mambo ya ukwe ni ushamba. Dunia imekwenda, nyinyi mmebaki mnajifunika kanga."

Ziada akainama kuokota mbaazi zilizomwagika, na mimi sitamtetea. Stuli zile zilishamwingia moyoni. Alijiona anakaanga mbele ya wageni, wanawake wenzake wanameza mate kwa wivu, akaona mama atazoea.

Fundi alikuja na nyundo. Ukuta ukaanguka, na vumbi la masizi likajaa nyumba nzima. Zikaja marumaru nyeupe, jiko la gesi, kaunta ya kung'aa. Nanyi mlikuja kuona, msijifanye hamkumbuki. Mlipiga picha na Ziada akiwa ameshika mwiko, mkamwambia Uwesu ni mwanamume wa kisasa. Hakuna hata mmoja wenu aliyeuliza mlango ule uliofungwa pembeni ya jiko ni wa nani.

Ulikuwa wa Bi Mwanasha. Sasa kila akiufungua, Uwesu alikuwa mbele yake kwenye stuli, simu mkononi. Sasa mama ndiye aliyekuwa akikohoa, kama desturi, ili mkwewe ampishe. Uwesu hakunyanyuka.

"Pita tu, mama!" alimwambia kwa sauti kubwa. "Mimi sina shida."

Rafiki zake wakacheka. Mlango ukafungwa. Bi Mwanasha alikuwa akingoja mpaka mkwewe akalale, na Uwesu, tangu apate kaunta, hatoki hapo mpaka usiku wa manane.

Ziada alimpelekea chakula chumbani. Ugali ulirudi umeguswa kidogo, chai ilirudi kikombe kizima.

"Mama, kunywa japo maji. Joto hili litakuua."

"Nikinywa nitataka kutoka, mwanangu. Nikitoka nitapita wapi?"

"Basi nikuletee ndoo."

"Uibebe wewe mbele ya wageni wa mumeo? Nimefikia huko?"

Ziada alitoka na kikombe, machozi yanamlengalenga. Siku ile alimwambia mumewe, "Baba Hamudi, tutundike hata pazia hapo."

"Nimevunja ukuta ili nitundike kanga? Watu watanicheka."

Aliomba mara hiyo moja tu, basi. Kesho yake alikuja mgeni kutoka Masasi kutazama jiko, na Ziada akampikia huku anatabasamu.

Ikafika siku Ziada alikwenda shambani kuokota korosho tangu asubuhi, na Uwesu akaalika wenzake kutazama mpira. Walikaa humo kutwa. Wakala, wakanywa soda, wakashangilia. Ziada aliporudi, jasho linamtiririka, aliukuta mlango wa mama yake umefungwa.

"Mama yangu ametoka leo?"

"Hajatoka," Uwesu alijibu, macho kwenye televisheni. "Amelala tangu asubuhi."

Ziada aliusukuma mlango. Bi Mwanasha alikuwa sakafuni, midomo imepasuka, anahema kwa shida. Ziada alipiga kelele. Uwesu akaja mbio, akainama amnyanyue. Hapo, jamani, mama yule asiyeweza hata kushika kikombe aliivuta kanga, akajifunika uso.

"Mwambie atoke," alimwambia binti yake.

Hakusema tena. Walimkimbiza hospitali ya mkoa, na daktari akasema mwili umekosa maji siku nyingi, figo zimeshindwa. Alirudi Newala akiwa maiti.

Baada ya matanga Uwesu alileta tofali, akaanza kuchanganya saruji mwenyewe. Ziada alisimama akimtazama, pamoja na mjomba wake, Mzee Suleimani, ndugu wa marehemu.

"Unajenga nini?" Ziada alimuuliza.

"Ukuta, Mama Hamudi. Nimekosa, naurudisha."

"Unamjengea nani? Aliyekuwa anasitirika nao tumemzika."

Uwesu akamgeukia mzee. "Njomba, nisaidie kumwelewesha."

"Nikusaidie?" Mzee Suleimani alitema mate chini. "Uwesu, hapa ulikuja kuoa, ukapokelewa. Kiwanja ni cha dada yangu, na humo ndani ulimnyima njia ya kwenda chooni. Kusanya nguo zako."

Uwesu alimtazama mkewe, akitaraji neno.

"Na stuli zako uchukue," alisema Ziada.

Aliondoka kwa bodaboda, stuli zimefungwa nyuma kwa kamba, na wale waliokuwa wakimpongeza wakajifanya hawakumwona. Ziada amebaki. Kila siku anapika humo, mlango wa mama yake uko mbele ya macho yake. Hakuna anayemfukuza, lakini ndugu zake hawali chakula chake.

FUNZO

Sisemi jiko la wazi ni haramu. Jengeni, wekeni marumaru mpaka darini mkitaka. Lakini kabla nyundo haijagusa ukuta, muulizeni anayeishi nyuma yake anautumiaje, kisha mmsikilize. Nyumba ambayo mzee anaogopa kunywa maji ndani yake ni jela, hata ingepigwa picha na wilaya nzima. Nanyi mabinti, kumwomba mume mara moja kisha kunyamaza si kumtetea mama yako. Ziada aliomba mara moja.