Fundi Bustani wa Maral

Jumamosi hiyo soko la vifaa vya ujenzi la Almaty lilikuwa halina pa kukanyaga. Ndivyo ulivyo mji ule: theluji ikishayeyuka, watu wote wanakumbuka kwa pamoja kwamba wana nyumba za kukarabati. Mbele ya kibanda cha mabati alisimama Maral, mwanamke mrefu wa miaka thelathini na minne, kavaa koti la buluu la madereva wa mabasi ya umeme, buti nyekundu, na kitambaa cha manjano kilichofungwa kisogoni. Muuzaji alikuwa ameshamtolea nguzo za chuma na alikuwa akizipapasa kama mtu anayeuza farasi.

"Hizi ndizo imara, dada. Chukua tumalize."

"Imara?" ilisema sauti ya kiume nyuma ya Maral. "Upepo wa kwanza wa mlimani ukivuma, uzio wake utalala chali kama mlevi wa harusini."

Maral aligeuka. Alikuwa mwanamume mwenye mabega mapana, kofia ndogo nyeusi iliyotariziwa, ndevu fupi, na macho ambayo yalianza kucheka kabla ya mdomo.

"Na wewe nani kakuuliza?"

"Hakuna. Ndiyo maana ni bure. Nikiulizwa huwa natoza."

Muuzaji alisonya. Maral hakutaka kucheka, lakini kicheko kilimtoka. Tangu alfajiri alikuwa akizunguka na bei zisizoeleweka kichwani, na huyu alikuwa mtu wa kwanza kumwambia jambo lenye maana.

"Unafanya kazi gani, bwana mtoza?"

"Natengeneza bustani. Na uzio wake. Naitwa Ershat."

"Basi niambie. Jana alikuja mwenzako mmoja, viatu vya ncha, kanukia manukato hadi uani. Akatembea kidogo, akasema milioni sita. Nikamwuliza, na ghorofa ya pili mtanijengea lini?"

"Alipima?"

"Hata futi hakuwa nayo."

"Basi alikuwa anapima mfuko wako."

Walipeana namba za simu pale pale, katikati ya mikokoteni na makelele. Maral alirudi kwake bila nguzo, lakini moyo ulikuwa mwepesi kuliko alivyokuja.

Kesho yake Ershat alifika na futi. Nyumba ilikuwa mtaa wa pembeni, upande wa mlimani: nyumba moja ndefu iliyogawanywa kwa ukuta wa matofali. Upande wa kushoto alikaa Maral. Upande wa kulia alikaa Kanat, aliyekuwa mumewe, pamoja na mama yake, Mama Rysty.

"Mahakama ilitugawia nyumba kabla ya baridi, ikatugawia na ua," Maral alimweleza. "Mpimaji wa serikali alichomeka vigingi hivi. Uzio upite hapa, usizidi wala usipungue. Na ule mti ni wangu."

Ulikuwa mtufaha mzee, hatua moja tu ndani ya mstari wake. Marehemu baba yake aliupanda mwaka aliozaliwa Maral, nyumba ilipokuwa bado ya wazee wake. Kanat alipambana mahakamani apewe upande wenye mti, akashindwa, na tangu hapo hakuacha kuununia.

Ershat alipima kote. Aliinama, akachukua udongo, akaunusa, akautupa. Kisha akaketi kwenye ngazi.

"Sikia. Uzio wa bati lenye nguzo nene na saruji ya kutosha, pamoja na kazi, ni elfu thelathini kwa mita. Una mita ishirini na nane, ukihesabu na upande wa barabarani. Hapo ni laki nane na arobaini. Kuondoa kifusi na kuleta udongo mzuri, laki moja na nusu. Nyasi, vichaka, maua, mabomba ya kumwagilia, laki tano. Yote, karibu milioni moja na nusu."

"Tenge milioni moja na nusu! Mimi naendesha basi, siendeshi benki."

"Basi tupunguze. Maua tuanze na machache, mwakani yatakuwa yamezaana. Nyasi tupande mbegu badala ya zile zinazoletwa zimekunjwa kama mikeka, utasubiri kidogo lakini utaokoa pesa. Ila kwenye nguzo na saruji usinibane. Nikipunguza hapo, wiki ya pili utanitukana."

"Mimi situkani."

"Jana ulimtukana yule muuzaji mara mbili."

"Huyo alistahili!"

Walikubaliana milioni moja na laki mbili. Kutoka dirisha la upande wa pili, Mama Rysty alikuwa akitazama yote, kikombe cha chai ya maziwa mkononi, bila kujificha hata kidogo.

Kazi ikaanza. Ershat alisafisha kifusi kwa siku kadhaa, na kila Maral aliporudi kutoka zamu alikuta jambo jipya: kijia cha mawe, udongo mweusi uliosambazwa vizuri, waridi zilizopandwa chini ya dirisha. Naye akaanza kurudi mapema. Akaanza pia kuvaa gauni lake la kijani badala ya suruali ya kazini, na kudanganya kwamba suruali haijakauka.

Ershat, ambaye katika kabila lake la Wauguri mwanamume asiyejua chakula kizuri ni aibu ya ukoo, alimletea sambusa za tanuri zilizofungwa kwenye gazeti, mafuta yakichuruzika.

"Unataka kuninenepesha nisitoshe kwenye kiti cha dereva."

"Dereva mwenye njaa atagonga mtu. Nawahurumia wananchi."

Jioni simu zikawa ndefu. Walianza na mabomba ya maji, wakaishia kwingine kabisa.

"Ershat, mbona hujaoa?"

"Nilichumbia mara moja. Akasema nanuka mbolea."

"Alikuwa na pua nzuri."

"Na wewe pua yako ikoje?"

Maral akasema taratibu, "Yangu imezoea moshi wa mjini. Mbolea ni nafuu." Akakata simu upesi, akauzika uso kwenye mto kama msichana wa shule.

Ijumaa moja Ershat alikwenda nje ya mji kuchukua miche, akawaachia binamu zake wawili kazi ya kuchimba mashimo ya nguzo. Ilikuwa siku yao ya kwanza pale. Aliwaambia wafuate vigingi na kamba, basi. Maral alirudi jioni akiwa na keki mkononi. Alifungua geti, akasimama.

Nguzo zilikuwa zimeshasimama, saruji imeshaanza kukauka. Na mtufaha, umejaa maua meupe, ulikuwa upande wa Kanat.

Keki ilimwanguka. Kilichomchoma zaidi ya mti ni jambo aliloliona Jumatano akipita na basi na kulipuuza: Ershat na Kanat kwenye kona ya barabara, Kanat akimpa bahasha. Alikuwa amejiambia labda ni mambo ya mtu mwingine. Sasa akapiga simu.

"Amekupa ngapi?"

"Nani? Maral, kuna nini?"

"Kanat! Bahasha ya Jumatano! Amekupa ngapi uusogeze uzio wangu?"

"Alitaka kunipa," akasema Ershat. "Nilimrudishia pale pale."

"Na hukuniambia."

"Sikutaka kukuharibia siku. Ulikuwa umefurahi..."

"Umenificha, kisha nguzo zimesogea zenyewe, zina miguu! Nilikaa na mwongo miaka tisa, Ershat. Nawajua kwa harufu. Usikanyage hapa tena."

Alipokuja usiku ule ule, hakufunguliwa. Alipiga simu, haikupokewa. Asubuhi binamu zake walikuja kuchukua majembe, vichwa chini.

Maral aliita mafundi wengine. Mmoja alitaka laki nne kwa kung'oa nguzo tu. Mwingine alishauri, kwa sauti ya huruma, amwachie bwana mti wenyewe, mti ni mti. Huyo alitolewa getini mbiombio. Upande wa pili Kanat alikuwa ameweka kiti chini ya mtufaha, akinywa chai pale kila siku, miguu mbele, ndala vidoleni, na maua yakimdondokea begani.

Maral aliendesha basi lake kutoka mwisho hadi mwisho wa mji na hakukumbuka alichokiona. Gauni la kijani alilirudisha kabatini. Alikasirika, kisha alimkumbuka, kisha alijikasirikia kwa kumkumbuka.

Jumatatu ya pili, kwenye kituo cha soko kuu, alipanda bibi kizee mwenye shali nyeupe, akaja moja kwa moja hadi nyuma ya kiti cha dereva na kukishika.

"Mama Rysty? Hapa haparuhusiwi kusimama na kuongea na dereva."

"Basi nitaongea peke yangu, wewe endesha." Bibi alivuta pumzi. "Ijumaa ile vijana wako walikwenda msikitini. Nilikuwa jikoni. Nikamwona Kanat na nyundo uani. Watu wako kwenye sala, mwanangu anang'oa vigingi vya serikali! Akavichomeka hatua mbili upande wako, akanyoosha na kamba. Vijana waliporudi wakachimba walipoona kamba."

Maral alishika usukani kwa nguvu. "Kwa nini hukusema?"

"Ni mwanangu. Nilimeza. Wiki nzima nimemeza, sasa hata chai haipiti." Akajifuta uso kwa ncha ya shali. "Na yule Muuguri wako, siku ya bahasha nilikuwa natoka dukani. Aliirusha kifuani kwa Kanat mpaka noti zikasambaa barabarani. Mimi ndiye niliyeziokota, kwa magoti haya."

Taa ya kijani ilikuwa imewaka kitambo. Nyuma magari yalipiga honi, abiria wakaanza kulalamika.

"Dereva, umelala?"

"Hajalala!" Mama Rysty aliwageukia. "Analia. Subirini!"

Mwisho wa njia Maral alipiga simu. Iliita mara moja tu.

"Ershat."

"Nipo."

"Nimekosa. Nimekutukana bure."

"Si bure kabisa. Nilikuficha jambo lililokuhusu. Hilo halitarudiwa. Maral, nimeshamwomba yule mpimaji wa serikali aje apime upya. Nilitaka kukuambia, hukupokea. Anakuja kesho."

"Ulimlipia wewe?"

"Tusigombane tena, tafadhali. Nimechoka kulala vibaya."

Maral akacheka na kulia kwa pamoja. "Hata mimi, mpenzi wangu," akasema, na neno lilikuwa limeshatoka, halirudi.

Kesho yake mtaa mzima ulikuwa getini. Habari za vigingi zilikuwa zimeenea. Mpimaji, mtu mnene wa maneno machache, alisimamisha chombo chake cha miguu mitatu, akachungulia, akasoma ramani yake, akachungulia tena. Kanat alikuwa amevaa suti kwa ajili ya tukio, lakini amesahau kubadilisha ndala.

"Nguzo zimeingia upande wa dada huyu hatua mbili," mpimaji akatangaza. "Nani aliyesogeza vigingi?"

"Mafundi wake," Kanat alisema haraka. "Wahuni hao."

"Kanat." Mama Rysty alitoka mlangoni, shali imekazwa. "Niangalie usoni, urudie."

Kanat alimwangalia mama yake. Akaanza kuzisoma ndala zake.

"Ni yeye," bibi alisema mbele ya watu wote. "Nilimwona kwa macho yangu. Andika hivyo, bwana mpimaji. Na gharama ya kung'oa atalipa yeye, la sivyo nahamia kwa dada yangu, ajipikie."

Mtaa ulilipuka kwa vicheko na makofi. Mpimaji aliandika. Kabla ya adhuhuri Ershat na binamu zake walikuwa wakizing'oa nguzo kwa mtaimbo, na kila moja ilipoachia, wanawake walioning'inia getini walishangilia kama mpira umeingia golini. Maral alivua koti la kazi, akashika mtaimbo mwenyewe kwa nguzo ya mwisho. Iling'oka na bonge lake la saruji. Akausogelea mtufaha, akauegemea kwa mgongo, na hakumtazama Kanat hata mara moja. Hakukuwa na haja.

Wiki mbili baadaye uzio ulikuwa umesimama mahali pake, wa rangi ya kijani kibichi, umenyooka. Nyasi zilikuwa zimechipuka nyororo kama manyoya ya kifaranga. Maral aliwaalika majirani wote, akatandika meza uani, akakaanga maandazi, naye Ershat akapika tambi zake za kuvuta kwa mkono, kila mtu akala mara mbili. Mama Rysty pia alialikwa, lakini alisema ana chai jikoni, atakuja.

Maral alikuwa katika gauni jeupe lenye tarizi nyekundu kifuani. Ershat alimvuta pembeni, karibu na uzio, kofia mkononi.

"Bado hujanimalizia malipo ya kazi."

Maral alidhani hakusikia vizuri. "Leo? Mbele ya wageni?"

"Leo. Yote. Wala usiombe punguzo."

"Ershat, una wazimu?" Lakini uso wake ulikuwa mzito kweli, hivyo akatoa simu, midomo kaibana, akatuma pesa. Simu ya Ershat ikalia mfukoni. Akaitazama, akairudisha, akapumua kama mtu aliyetua gunia.

"Sasa mimi si fundi wako tena. Hakuna atakayesema nilikuposa ili nipate ua, wala kwamba wewe ulikubali ili ufutiwe bili." Akaibana kofia kifuani. "Maral, nataka kuwa mume wako. Unanitaka?"

Mezani shingo ziligeuka. Mtu alishika kijiko hewani. Maral aliyatazama yale macho, ambayo safari hii hayakuwa yakicheka hata kidogo, akaona hofu ndani yake, na hofu ile ikampendeza kuliko maua yote aliyompandia.

"Unapima kila kitu," akasema taratibu. "Hili ulilipima?"

"Mpenzi, hili nilishindwa."

Kutoka upande wa pili wa uzio, sauti ya Mama Rysty ilipaa, kali, haina subira:

"Mjibu basi, mwanangu! Usipoolewa na huyo Muuguri mwenye mkono ule wa mapishi, mimi nitamchukua mwenyewe!"

"Humpati, mama!" Maral alipaza sauti mpaka barabarani ikasikika, mikono yake ikiwa tayari shingoni mwa Ershat. "Ni wangu! Nimekubali!"