Ijumaa Kabla ya Mechi

Stesheni kuu ya Filadelfia, siku ya kuamkia Sikukuu ya Shukrani, haina hata pa kuangusha sindano. Kila mtu anakwenda kwa mama yake, kila mtu amechelewa na kila mtu ana njaa. Rosalind Vasko, Roz kwa wenzake, alikuwa amebakiza watu wawili kwenye foleni ya mikate ya nyama na jibini alipohisi kitu kinabandikwa mgongoni mwake.

Akageuka. Nyuma yake alisimama kijana mrefu, mweusi, ndani ya koti refu la kijivu lenye vifungo vya shaba, kofia kwapani, uso wa mtu aliyefumaniwa jikoni.

"Umenibandika nini?"

"Mimi? Nilikuwa nakupangusa vumbi tu, dada."

"Vumbi kwenye koti la mwanamaji? Sisi tunakaguliwa kila asubuhi, kaka. Si kama nyie mnaolala na baghala."

Akapeleka mkono nyuma ya koti lake jeusi, akabandua karatasi. Iliandikwa kwa wino mwekundu: MBUZI ANAUZWA. BEI MAELEWANO. Foleni nzima ilicheka.

Nimekaa na watu hawa muda mrefu na bado sijawaelewa. Wana vyuo viwili vya kufundishia maofisa, kimoja cha jeshi la nchi kavu, kingine cha wanamaji, na vinachukiana kwa mapenzi. Wa nchi kavu wanafuga baghala, yule mtoto wa punda na farasi. Wanamaji wanafuga beberu. Kila Desemba hukutana kwenye mpira wao ule wa kubeba mkononi na kuangushana, na wiki za kabla ya hapo ni za kuibiana, kupakana rangi na kudanganyana. Mzee mwenye nyota mabegani, aliyepigana vita mbili, ukimuuliza fahari ya ujana wake atakusimulia jinsi alivyoiba mbuzi.

Roz hakugomba. Aliikunja ile karatasi, akanunua mkate wake, kisha akaichomoa kofia kwapani mwa yule kijana na kuondoka nayo kuelekea treni yake, mkia wa nywele zake za manjano ukicheza kisogoni. Kijana alimkimbilia.

"Dada, kofia yangu! Nikirudi bila kofia nitatembezwa uwanjani mpaka niote mizizi!"

"Inauzwa."

"Bei gani?"

"Maelewano."

Everett Tolliver alitoa jina lake, namba yake ya simu na nusu ya biskuti aliyokuwa nayo mfukoni. Treni yake ya kwenda Georgia iliondoka bila yeye, na hakusikitika hata kidogo.

Wakapendana. Mwaka mzima walipendana kwa simu na kwa treni. Everett alimwita Roz "mbuzi wangu", naye akaitwa "baghala wangu", na wenzao wakasikia kichefuchefu. Septemba walikwenda pamoja kwenye shamba la tufaha la Mzee Schaefer, wakapanda tela linalovutwa na trekta bovu lenye honi inayolia kama bata anayekabwa. Everett alicheka honi ile hadi machozi.

"Siku ya harusi tutalikodi," alisema.

"Nani kasema nitaolewa nawe?"

"Hujasema. Ila umevaa skafu yangu tangu asubuhi, na hujairudisha."

Kitu kimoja tu Roz alikipenda kumzidi Everett, na Everett alikijua. Babu yake na baba yake walitumia maisha yao chini ya ardhi, kwenye migodi ya makaa ya Pensilvania, na wote wawili walitoka huko na vifua vinavyopiga miluzi. Roz aliapa kwamba yeye atakwenda juu. Alitaka kurusha ndege za jeshi la maji, zile zinazotua juu ya meli. Mwaka wa mwisho, macho yake yakapimwa, kichwa chake kikapimwa, akachaguliwa. Ilibaki kuthibitishwa tu, na uthibitisho ulikuwa Ijumaa moja, siku moja kabla ya mechi.

Na kwa kuwa bibi yake alifuga mbuzi, Roz alikuwa pia mmoja wa wachungaji wa beberu wa chuo, dume jeupe lenye kiburi lililoitwa Admirali. Wiki za mechi Admirali hufichwa, na mahali hapo hujulikana na wachungaji pekee. Wana sharti moja tu: siri ikikuponyoka, sema, mbuzi ahamishwe. Wakubwa wa vyuo vyote viwili walikuwa wamepiga marufuku kuiba wanyama, lakini marufuku hiyo vijana waliichukulia kama kuchokozwa.

Jumapili moja mchana Everett alipiga simu Roz akiwa bandani, akimwaga nyasi kavu.

"Mbuzi wangu, unahema. Unakimbizwa?"

"Nafanya kazi, tofauti na watu fulani. Umekula?"

"Nimekula wali wa..."

Hapo nje ya banda trekta likapita, na honi ikalia. Upande wa pili wa simu Everett akaangua kicheko.

"Kwa Mzee Schaefer! Mmemficha kwa Mzee Schaefer!"

Roz akaziangusha nyasi alizoshika. "Everett, nisikilize. Hukusikia kitu."

"Nimesikia bata."

"Sitanii. Nikiwaambia wenzangu watamhamisha, na watauliza nilikuwa naongea na nani. Niambie sasa hivi kwamba hutamwambia mtu. Kwa heshima yako."

"Kwa heshima yangu, mpenzi. Nikimwambia mtu, baghala anipige teke."

"Sema bila utani."

"Kwa heshima yangu," alisema Everett.

Kwa Roz lile lilikuwa neno la ofisa, na mambo yaliishia pale. Hakumwambia mtu. Kwa Everett ilikuwa wiki ya mechi, na wiki ya mechi kule kwao uongo hauitwi uongo. Unaitwa utani, na kesho yake watu wanakumbatiana. Hakukusudia kulivunja neno lake. Lakini jioni ile, mezani, mwenzake wa chumba, Kessler, alianza kumchokonoa.

"Tolliver hawezi kutusaidia. Kashaolewa na wanamaji."

"Niache, Kessler."

"Mwangalieni! Akiulizwa mbuzi yuko wapi, atasema kwanza akamwombe mke wake ruhusa."

Meza ikacheka. Everett alikuwa na umri wa miaka ishirini na moja, na meza nzima ilikuwa ikimcheka. Akasema.

Kessler na wenzake walimchukua Admirali alfajiri, wakamfunga nyuma ya gari la wazi kwa kamba iliyofungwa na mtu asiyejua mbuzi. Kwenye barabara kuu beberu alikata kamba, akaruka. Lori la maziwa lililokuwa nyuma halikuweza kusimama.

Polisi walilipata gari, na Kessler na wenzake wakaadhibiwa. Wakasema walilifuatilia gari la chakula cha mifugo mpaka shambani. Hakuna aliyemtaja Everett, na hakuna ambaye angemshuku Roz. Angeweza kunyamaza. Lakini Dunphy, kiongozi wa wachungaji, alipowakusanya huku macho yamemvimba na kuuliza kama kuna anayejua lolote, Roz alisimama.

"Ni mimi. Siri ilinitoka. Nilijua imenitoka, na sikusema."

Baraza la heshima la chuo lilimweka mbele ya meza ndefu. Mkuu wa baraza, mwanamke mpole mwenye mvi, alitaka kumwokoa, na alimwonyesha njia ya kutokea waziwazi.

"Binti, kama ofisa mwenzako alikupa neno lake la heshima, ulinyamaza kwa sababu ulimwamini. Hilo linasameheka. Kama hakukupa, basi ulificha kosa lako, na mtu anayeficha makosa simpi ndege. Alikupa?"

Roz alijua wenzake Everett walivyo. Kwenye chuo cha Everett, aliyetoa neno la heshima akalivunja hufukuzwa, na hakuna anayemsikiliza akisema ulikuwa utani.

"Mwenyewe atasema, afande."

"Tunathibitisha marubani Ijumaa. Baada ya hapo nafasi yako ataipata mwingine, na mimi sitaweza kuirudisha. Umeelewa?"

"Nimeelewa, afande."

Alimpigia akiwa kwenye ngazi za nje, upepo ukimpiga usoni.

"Everett, wapigie. Waambie ulinipa neno lako. Maneno mawili tu."

"Roz. Mpenzi. Waambie ulikuwa utani wa mechi."

"Kwangu haukuwa utani."

"Watanifukuza."

"Najua. Na mimi usiposema watanishusha. Sitakutaja, nimeshawaambia. Nakuachia mwenyewe."

Roz aligeuza mgongo kuukinga upepo, simu sikioni.

"Nitasema," alisema Everett hatimaye. "Naapa nitasema. Ila nipe mpaka Jumamosi ipite. Baba anakuja, Roz. Sajini Tolliver, miaka ishirini na sita jeshini, akiwapigia saluti vijana wadogo kuliko mwanawe. Hajawahi kuniona nikiandamana kwenye ule uwanja. Keshanunua na suti. Niache niandamane mara moja, halafu Jumatatu nakwenda mwenyewe."

"Jumatatu ni baada ya Ijumaa, Everett."

"Watakusubiri. Wewe ndiye bora kuliko wote, hawawezi kukuacha."

"Wameshasema hawasubiri."

"Mpenzi..."

"Ijumaa," alisema Roz, akakata simu kwa sababu alikuwa anaanza kulia na watu walikuwa wanapita.

Alingoja. Simu alilala nayo, akala nayo. Ijumaa nzima kila mlango wa ofisi ulipofunguliwa aliinua kichwa. Mlango uliofunguliwa mwisho ulikuwa wa yule mwanamke mwenye mvi, naye hakusema mengi. Roz alipangiwa meli, chini, kwenye mitambo. Nafasi ya ndege ilikwenda kwa kijana wa Ohio ambaye hata juu ya ngazi anaona kizunguzungu.

Jumamosi vikosi viwili viliandamana kuingia uwanjani, kijivu upande huu, cheusi upande ule, na watu maelfu wakipiga kelele kwenye baridi kali. Everett alipita kichwa juu, buti zikimetameta. Jukwaani mzee mmoja ndani ya suti mpya ya kahawia alilia bila kujifuta. Roz aliyaona yote hayo akiwa amesimama safuni mwake, na akamchukia Everett kwa roho yake yote kwa sababu alikuwa amependeza.

Jumatatu Everett alikwenda kwa wakubwa wake, akasema kila kitu. Hakupunguza neno. Kabla ya Krismasi alikuwa ameshavuliwa sare.

Januari walikutana kwenye mgahawa mdogo karibu na geti la chuo cha wanamaji. Everett aliomba, Roz akakubali. Roz alikuja na sare yake nyeusi, kofia nyeupe akaiweka mezani. Everett alivaa jaketi la jinzi lililomkaa vibaya mabegani, maana kwa miaka minne hakuwa amenunua nguo.

"Baba hasemi nami," alisema.

"Pole."

"Nimepata kazi kwa mjomba, ghalani. Roz, nilisema. Nilitimiza. Nimepoteza kila kitu, lakini nilisema."

"Ulisema. Nilisikia."

Akaingiza mkono mfukoni, akatoa pete nyembamba isiyo na kito, akaiweka kati ya vikombe.

"Popote meli yako itakapokwenda, nitahamia bandari hiyo. Nitakupikia, nitakulelea watoto, sitaki kingine. Niolewe mimi, ukitaka. Bado unanipenda? Niambie tu hilo."

"Nakupenda," alisema Roz. "Nisingekupenda ningekupa jibu kwa simu."

"Basi?"

"Ulichagua, Everett. Hukupitiwa wala hukusahau. Ulikaa ukaweka gwaride huku na mimi kule, ukalichukua gwaride. Kila asubuhi nitakayoshuka kwenye ile mitambo nitalikumbuka hilo. Jioni nitarudi nikukute umenipikia, nami nitakuchukia, na utakuwa hujanikosea kitu siku hiyo. Sitaki kukufanyia hivyo."

"Nilikuwa mjinga."

"Ulikuwa. Na mimi niliweza kukutaja, sikukutaja, kwa hiyo tulikuwa wawili."

Aliisukuma pete kwake kwa kidole kimoja, taratibu, kama mtu anayeogopa kumwamsha mtoto. Kisha akavaa kofia yake, akaangalia dirishani kama imekaa sawa, akatoka. Everett alimwona akivuka barabara, akipigiwa saluti na vijana wa mwaka wa kwanza, akiwarudishia mmoja mmoja.

Mhudumu alikuja na kitambaa kufuta meza, mama wa makamo mwenye tabasamu pana.

"Kahawa ya yule dada ni bure," alisema. "Wanajeshi hatuwadai hapa, tunawashukuru kwa kulitumikia taifa. Yako wewe, kaka, utalipia."

Everett akatoa pochi.