Mluzi Kabla ya Maji

Mlinzi wa ghala la vipuri alikutwa sakafuni kibandani mwake, kisogo kimepasuka. Ghala lilikuwa tupu.

"Kesi imekwisha, afande," alisema mtunza ghala. "Kinasa sauti cha kibandani si umekisikia? Kawafungulia wezi mwenyewe, wakamgeuka. Kikulacho ki nguoni mwako."

Inspekta alikuwa amekisikia. Kwanza mlinzi: "Haya, pita. Chukua unachotaka." Baadaye mtunza ghala: "Fungua ghala."

"Wewe ulifika lini?"

"Baadaye. Nilikuta wamejifungia ndani, nikamwambia afungue. Hakunijibu, nikakimbia kuita watu."

Mjane wa mlinzi alikuwa kituoni, kwenye benchi. "Afande, hata majirani wanamwita mwizi. Nitamzikaje?"

Inspekta alirudi kusikiliza kinasa sauti, macho ameyafumba. Birika lilipiga mluzi. Mbele kidogo, maji yakamiminwa birikani, kifuniko kikagonga.

Maji gani haya, yanachemka kabla ya kutiwa?

Alimwita fundi aliyeandika programu ya kinasa sauti, mwanamke kijana mwenye sauti ya chini. Alisikiliza, akatoka kumpigia bosi wake simu, akarudi.

"Kosa ni langu, afande. Vipande vya sauti hukaa kwenye duara la kumbukumbu. Vikizidi, maktaba yangu ya C, yaani programu ndogo niliyoiandika, hulipanua duara hilo."

"Niambie kama unavyomwambia shangazi yako."

"Wageni wamezunguka meza. Viti vya mwisho vikijaa, wanaofuata hukalia vile vya mwanzo vilivyoachwa wazi. Ukiwahamishia meza kubwa, anza na aliyetangulia kufika. Mimi nilianza na aliyekaa kiti cha kwanza, kumbe ndiye aliyechelewa kufika. Wa nyuma wakawa mbele."

"Ungeweza kukaa kimya."

"Bosi wangu alinishauri hivyo."

Akavipanga upya vipande. Inspekta akamwita mtunza ghala, akabonyeza kitufe. Maji yakamiminwa. "Fungua ghala." Birika likapiga mluzi. "Haya, pita. Chukua unachotaka." Kisha kimya, waya umekatwa.

"Kabla yako hakuingia mtu," alisema inspekta. "Aliambiwa 'pita' nani?"

Mtunza ghala alijifuta jasho.

"Mimi."

"Kwa nini umuue?"

"Nilikuwa naiba vipuri tangu zamani. Akanigundua. Hakunishtaki, alinipa nafasi nirudishe kimyakimya. Nikaiona huruma yake ni kitanzi shingoni. Siku ile nikajifanya nafuata kipuri cha kazi, akanifungulia. Nikachukua vilivyobaki, nikampiga nyundo."

"Mtu aliyekusitiri."

"Ndiyo, afande. Aliyenisitiri."

Mjane alipoelezwa, alimwendea fundi kwanza.

"Nisamehe, mama," fundi alisema. "Nusura nimchafue marehemu."

"Kukosea tunakosea sote, mwanangu. Ungemsikiliza bosi wako, wanangu wangekua wakiitwa watoto wa mwizi. Ahsante."

Akamgeukia inspekta, akaushika mkono wake kwa mikono miwili.

"Na wewe, afande, ahsante kwa kumsikiliza mume wangu hadi mwisho. Sasa nipeni mwili wake. Nitamzika mchana kweupe, majirani wote wawepo."