Maji ya Rejeta

Ufunguo ulikuwa mfukoni mwa Ayub na injini ilikuwa imezimwa, lakini mshale wa joto ulikuwa unapanda. Aligonga kioo kwa kidole. Mshale ukapanda mpaka kwenye nyekundu, ukatulia hapo.

"Sensa mpya ya joto, na tayari imekufa!" Akafyonya.

Sensa haikuwa na kosa, jamani. Kosa lilikuwa la Ayub, na sitamfichia. Jumamosi hiyo ya mwaka 2003 mkewe Asmaa alikuwa Ndithini kwenye matanga ya mamake, na Ayub alitaka kumchukua kabla ya Magharibi. Alitoka Katangi mbio, injini inatokota, akaegesha nyuma ya nyumba yao hapa Majengo, Machakos mjini. Fundi aliyemuuzia sensa alimwambia angoje gari ipoe. Ayub angoje? Huyo! Aliifungua ile ya zamani moto hivyo hivyo. Maji ya rejeta yakaruka, yeye akaepa, yakamwagika chini yakatiririka mpaka kwenye mtaro wa ukutani.

Mtaroni kitu kikalia. Kilio cha mtoto mchanga, kimoja, kirefu, kikakatika.

Mamake Ayub, Bi Pili, mzaliwa wa Mombasa, alitoka jikoni na mwiko mkononi. "Ayub, umemwaga maji ya moto? Umesema bismillahi, wakupishe?"

"Mama, hayo ni ya Mombasa. Majini gani Machakos? Niko na haraka."

Bi Pili alitazama mtaro, akarudi ndani akijisomea.

Sasa sensa mpya ilikuwa imefungwa, mshale uko kwenye nyekundu, na harufu ya maji ya rejeta, tamu tamu na ya kuungua, ilikuwa inatoka dirisha la chumba cha kulala. Ayub akaingia. Binti yake Faiza, wa miaka minne, alikaa kitandani amempa mgongo, anabembeleza mto.

"Nyamaza, mwanangu," alisema Faiza kwa sauti ya mwanamke mzima. "Ngozi itarudi."

Mgongoni mwake malengelenge yalikuwa yakiumuka moja baada ya jingine, kama maandazi kwenye mafuta. Ayub alipiga yowe la kumwita mamake.

Mwalimu Rashid wa madrasa, aliyeitwa na Bi Pili, alifika na kitabu chake. Hakumaliza aya ya pili.

"Rashid, pumzika," ile sauti ikasema. "Nataka huyu aliyemwaga. Mwanangu ana siku saba. Yuko mtaroni, hana ngozi."

"Sikujua," Ayub alinong'ona.

"Ulifunzwa tangu utoto. Chemsha maji, ujimwagie mkono ulioshika spana. Usimtaje Mungu, kama ulivyokosa kumtaja. Ukiweza, binti ni wako. Ukimtaja nitatoka, sina ubavu mbele ya jina hilo. Lakini sitatoka mikono mitupu. Mwanangu anataka mlezi."

"Usikubali, Ayub!" Mwalimu alimshika bega. "Jini haaminiki!"

Lakini Faiza sasa alilia kwa sauti yake mwenyewe, "Baba, naungua," na ni baba gani angesimama tu? Ayub aliweka sufuria kwenye jiko, akangoja mpaka maji yakatokota, naye akaifunga midomo yake mpaka ikawa myeupe, akanyoosha mkono wa kulia, na Bi Pili akageukia ukuta, na maji yakashuka, na ngozi ikachunika ikaning'inia vidoleni, na bado akanyamaza, na bado akamimina, mpaka yakabaki matone mawili matatu chini ya sufuria, na hapo hapo, bila yeye kutaka, lile neno alilolikosa mchana likamtoka lenyewe:

"Ya Allah!"

Harufu ikakatika. Malengelenge ya Faiza yakanywea, ngozi ikawa laini tena, nzuri kabisa.

"Ametoka!" alisema Mwalimu. "Alhamdulillahi."

Bi Pili alimgusa mjukuu wake shingoni, kisha kifuani. Aliuacha mkono hapo muda mrefu. "Mwalimu," alisema polepole, "huyu hapumui."

Ayub alimnyakua akakimbia naye hadi kwenye gari, ampeleke hospitali. Akamlaza kiti cha mbele, akaingiza ufunguo kwa mkono wa kushoto, akauzungusha. Injini haikusema kitu. Mshale ulikuwa umelala kwenye baridi.

Mtaroni kichanga kikaanza kulia tena. Halafu Ayub akasikia sauti ya Faiza, binti yake, ikitoka huko chini, imechoka na kuogopa: "Nyamaza, mtoto. Nyamaza. Baba atakuja."