Biskuti za Komando

Kila asubuhi Rebeka alichuchumaa jikoni akipuliza moto na kumsema mbwa. Wenzake wa darasa la sita pale Chuno walikuwa bado wanakoroma. Yeye anasonga ugali wa muhogo wa Komando, anaumega vipande ndani ya mchuzi wa vichwa vya samaki, kisha anachambua miiba. Komando alikaa kwenye mnyororo wake chini ya mkorosho, akimtazama kama bwana harusi anayesubiri pilau.

Hiyo ilikuwa sheria ya baba yake, Mzee Kasiani, mfanyakazi wa bandari. Walikuwa na shamba la muhogo kule Ziwani, na ngedere wa kule walikuwa wanang'oa muhogo utadhani wameupanda wao. Komando peke yake ndiye waliyemwogopa. Kila Jumamosi anapelekwa shambani, anawatimua, basi wiki inapita salama.

Siku moja Filipo wa nyumba ya pili alikuja amejitwisha mfuko. Mama yake alikuwa akifanya kazi kwa Wazungu fulani ambao walirudi kwao wakaacha chakula cha mbwa. Ndani mlikuwa na vibiskuti vikavu, vigumu kama kokoto, vinanukia nyama.

"Unampikia mbwa utafikiri mkwe," Filipo alimcheka. "Mwaga hivi kwenye bakuli, urudi kulala."

Rebeka alilitazama jiko, akautazama mfuko. Hakuhitaji ushauri zaidi.

Komando alivitafuna, kacha kacha, akalamba bakuli. Tangu siku hiyo Rebeka alilala mpaka jua linamchoma usoni. Mama akiuliza kama mbwa amepikiwa, anaitikia ndiyo. Sufuria aliipaka masizi mapya ili ionekane imetoka motoni, na vichwa vya samaki akawatupia paka wa jirani. Paka wakanenepa, wakaanza kutembea kwa maringo.

Komando yeye alizidi kunywea. Mbuzi walipita mbele yake, hata sikio hakuinua. Wiki haijaisha, Mzee Kasiani alimkuta amelala ubavu, ulimi nje. Akasema mbwa amezeeka. Jumamosi angemchukua mbwa mwingine kwa Bakari wa Naliendele, na Komando angeachwa huko huko ajifie taratibu.

Kesho yake, kwa kujaribu bahati tu, mzee alimwita Bwana Mifugo, Hashimu, akaja na baiskeli yake. Alimfinya Komando ngozi ya shingo, ikabaki imesimama kama hema. Akauliza anakula nini.

Mzee Kasiani alijibu kwa fahari kwamba binti yake humpikia ugali na mchuzi kila asubuhi. Bwana Mifugo akatikisa kichwa. Kama ni hivyo, alisema, basi figo zimechoka, na yeye hana dawa ya figo. Akaanza kufunga mkoba wake.

Rebeka aliutazama mkoba ukifungwa. Akinyamaza, Komando ndiyo basi. Akisema, mgongo wake ndio utakaolipa.

"Baba, sijapika," alisema. "Siku zote hizi sijapika."

Akaenda kuuleta mfuko. Bwana Mifugo alichukua kibiskuti kimoja, akakigonga kwenye rimu ya baiskeli, kikalia ti.

"Chakula hiki si kibaya," alisema. "Ila ni kikavu, na ngozi iliyosimama vile ni ya kiu. Maji yake yako wapi?"

Katika nyumba ile hakuna mtu aliyewahi kumwekea mbwa maji. Miaka yote Komando alikuwa akiyanywa ndani ya mchuzi, na hakuna aliyejua. Kiangazi kile hata dimbwi la kulamba halikuwepo.

Mzee Kasiani mwenyewe ndiye aliyekwenda kuchota. Komando alinywa kidogo kidogo, kama alivyoelekeza Bwana Mifugo, na kwa mara ya kwanza baada ya siku nyingi mkia ukapiga vumbi. Vibiskuti vikawa vinalowekwa kwenye mchuzi mpaka mfuko ukaisha, na bakuli la maji halikuondoka chini ya mkorosho. Safari ya kwa Bakari ikaahirishwa.

Jumamosi iliyofuata, kule Ziwani, ngedere walikuwa wamekaa shambani kama wako kwenye harusi. Komando alibweka mara moja tu. Walikimbia mpaka mwenzao mmoja akausahau muhogo wake hewani, na dume lao likabaki juu ya mti likitukana kwa lugha yake. Rebeka alicheka mpaka akakaa chini.

Baba yake alikaa karibu naye.

"Ulikwepa kazi, ukadanganya, kwa hiyo sufuria zote ni zako mpaka Krismasi," alisema. "Mimi nami nilimhukumu mbwa bila kuuliza. Lakini siku ile ungenyamaza, tungekuwa tumemzika mbwa mzima kwa kukosa bakuli la maji. Kuusema ukweli wakati unakuuma, mwanangu, hapo ndipo unapohitajika."

Rebeka aliitikia, akalifungua dumu, akamimina maji. Bakuli la Komando kwanza.