Mawe Juu ya Bati la Magesa

Mwaka 1997 mvua zilikuja na hasira pale Mugango, kijiji cha kando ya ziwa. Wanawake walianika dagaa asubuhi na kuanua kabla ya saa sita. Asubuhi moja Hyasinta naye alikuwa uani anaanika zake, na mwanawe wa miezi mitatu, Gati, amelala mgongoni.

Nyumba yao ilikuwa mpya. Miaka ya nyuma bati lilikuwa halipatikani hata kwa mwenye pesa. Sasa maduka ya Musoma yalijaa, na Magesa, mume wa Hyasinta, alinunua bati akaezeka mwenyewe. Misumari ilipopungua, hakurudi mjini. Alipandisha mawe tisa makubwa juu ya paa, akasema kazi imeisha. Majirani wengi walikuwa wamefanya hivyohivyo, kwa hiyo hakuna aliyemcheka.

Siku hiyo walipita vijana wawili kwa baiskeli. Walivaa mashati meupe na tai, na vibao vya majina kifuani. Walikuwa wamisionari wa Kimormoni. Machage alitoka Tarime, na kabla ya utume alikuwa fundi wa kuezeka. Mwenzake, Leodgar, alitoka Dar es Salaam. Kanisani kwao kila mmoja aliitwa Mzee, ingawa hakuna aliyefika miaka ishirini na mbili.

"Wazee, shikamooni," Magesa aliwatania. "Dini tunayo. Sisi ni Wakatoliki tangu babu."

"Marahaba," Machage akaitikia, mpaka Hyasinta akacheka. Kisha kijana akatazama paa. "Kaka, hayo mawe yananitia wasiwasi. Upepo ukiinua bati, jiwe linaingia ndani."

"Yamekaa hapo mwaka mzima. Wewe umekuja kuhubiri au kukagua nyumba yangu?"

Machage akaomba radhi, akapanda baiskeli yake. Hapo alikosea. Fundi akiona hatari, aseme hata mara ya pili.

Juma lililofuata Magesa alikwenda Musoma kuuza dagaa. Saa tisa alasiri mbingu upande wa ziwa zikawa nyeusi. Vijana wale walikuwa njiani, na upepo ukawaangusha pamoja na baiskeli zao. Wakakimbilia chini ya mti mrefu mbele ya nyumba ya Hyasinta.

"Ingieni ndani," Hyasinta aliwaita kutoka mlangoni.

"Asante, mama. Baba yupo?" Machage aliuliza.

"Yuko Musoma."

Vijana wakatazamana. "Kanuni yetu haituruhusu kuingia mwanamke akiwa peke yake," Leodgar alisema kwa sauti. Wakabaki chini ya mti, wamelowa, na adabu zao zote. Radi ilikuwa inapasua anga juu ya vichwa vyao.

Nyamburi, mama yake Magesa, aliwasikia. Nyumba yake ya nyasi ilikuwa ng'ambo ya ua.

"Tokeni hapo!" alisema. "Radi inapendaga miti mirefu. Tulikuwaga na ng'ombe wanne, walijikinga chini ya mti kama huo, wakafa wote siku moja. Acheni baiskeli, njooni mnibebe, miguu yangu haina nguvu. Nikiwa kwa mkwe wangu, hayuko peke yake tena."

Machage akambeba bibi mgongoni. Walipoingia, Hyasinta akafunga mlango na madirisha. Paa lilikuwa linagonga. Machage akatazama juu, kisha akatazama kitanda. Gati alikuwa amelala katikati yake.

"Mama Gati, juu ya kitanda kuna mawe?"

"Yapo. Matatu au manne."

"Mchukue mtoto. Tuingie wote chini ya meza."

Ilikuwa meza ya kulia, nzito. Wakajibana chini yake, magoti kwa magoti. Leodgar alikuwa anatetemeka. Machozi yalimtoka wala hakuyaficha.

"Bibi, naogopa," alisema. "Mama yangu hajui leo niko wapi."

Nyamburi akamchukua Gati kwa mama yake, akamweka mikononi mwa kijana. "Mshike huyu, mjukuu wangu. Ukishika mtoto, mwili unatulia."

Kisha bibi akaanza rozari yake. Vijana wakasali sala yao. Hakuna aliyemsahihisha mwenzake.

Upepo ukainua bati. Mawe matatu yakatumbukia ndani, na moja likavunja kitanda pale alipokuwa amelala Gati. Hyasinta akakitazama. Akashika mguu wa mwanawe, na hakuuachia mpaka mvua ikaisha.

Magesa alirudi jioni, akawakuta vijana wanazoa tope. Alikwenda kwenye kitanda, akaliondoa lile jiwe.

"Nilikuuliza kama umekuja kukagua nyumba yangu," alimwambia Machage. "Naomba uikague."

Jumamosi vijana walikuja na nguo za kazi. Wakashusha mawe yote.

"Jiwe ni zito, lakini upepo unaingia chini ya bati na kulisukuma juu," Machage alieleza. "Paa linashikwa na misumari na waya. Piga msumari kwenye mgongo wa bati, siyo kwenye bonde lake. Chini ya kofia ya msumari weka kipande cha mpira, maji yasipite."

"Na waya?" Magesa aliuliza.

"Funga kila kenchi, hizi mbao zinazobeba bati, kwenye nguzo ya ukuta. Paa na ukuta vishikane. Pembeni ongeza misumari, maana upepo unaanziaga hapo."

Magesa hakubadili dhehebu. Alibadili paa, na majirani sita wakaja kujifunza kwake.

Desemba dhoruba ilirudi. Vijana walikuwa wamehamishiwa mji mwingine. Magesa alimleta mama yake, akafunga mlango na madirisha, wakakaa pamoja ndani. Upepo ulivuma saa nzima. Magesa alikodolea macho paa. Hakuna bati lililoinuka.

Hyasinta akamgusa bega, akamwonyesha mtoto. Gati alikuwa ananyonya, macho ameyafumba, anasinzia.