Sufu Hakuwa Ametulia

Kila Jumamosi Wawira aliwakatia ng'ombe majani ya napia, akafagia uwanja, kisha akafua sare za shule pamoja na mdogo wake, Alice. Jumamosi hiyo kazi zote zilibaki nusu. Baba alikuwa ameondoka Kianjokoma alfajiri kwenda Embu kumchukua mama, aliyekuwa amelazwa hospitalini baada ya upasuaji. Siku alipokwenda kulazwa, mama alimwachia Wawira jambo moja tu: amchane paka wake, Sufu, kila jioni.

Sufu alikuwa na manyoya meupe marefu yaliyomfunika hadi kwenye nyayo. Mama alipewa paka huyo na mwalimu aliyehamia Mombasa, naye akampenda mno. Kila alipopiga simu kumwulizia, Wawira alijibu, "Nimemchana, mama," kisha akarudi kuruka kamba. Sasa manyoya ya tumboni yalikuwa yamesokotana na kuwa mafundo magumu, na mama alikuwa njiani.

Wawira alimpakata Sufu, akavuta chanuo kwa nguvu. Mkia wa paka ukaanza kupigapiga. Ngozi ya mgongo ikatetemeka.

"Ona, amelaza masikio," Alice akasema. "Hataki. Mwache kidogo apumzike."

"Nimwache mama amkute hivi? Wewe mshike miguu!"

Sufu akanguruma, akageuka na kuliuma chanuo. Wawira akamviringisha kwa taulo, akambana kifuani, akaendelea kuvuta huku machozi yakimtiririka, maana kila fundo lililofunguka lilifichua jingine. Punde paka akaacha kupigana. Akajikunyata, kimya.

"Umeona? Ametulia," Wawira akasema, akazidisha kasi.

Lakini Sufu hakuwa ametulia. Mboni zilikuwa zimetanuka hadi macho yakawa meusi tititi. Kinywa kikafunguka, akaanza kuhema kama mbwa aliyekimbia, mate yakimdondoka kidevuni.

"Wawira, anakufa!" Alice akapiga kelele.

Wawira alimbeba vivyo hivyo ndani ya taulo, akakimbia hadi sokoni kwa Daktari Njuki, aliyetibu mifugo ya kijiji kizima.

"Amepatwa na nini?" daktari akauliza, akimlaza Sufu mezani.

"Amefukuzwa na mbwa," Wawira akajibu bila kumtazama.

Daktari akaanza kumpapasa mbavu na miguu akitafuta jeraha. Kila alipomgusa, Sufu alihema zaidi. "Huenda ameumwa mahali nisipopaona. Itabidi nimbane nimkague vizuri."

Wawira aliona ulimi wa paka umeanza kupoteza rangi yake.

"Usimbane, Daktari! Nimedanganya! Hakuna mbwa. Ni mimi nilimfunga nikamvuta mafundo, akakataa, nikazidi kumvuta!"

Njuki aliondoa mikono papo hapo. Alilegeza taulo, akamweka Sufu ndani ya boksi, akalifunika nusu kwa gunia, kisha akafunga dirisha. "Sasa tusimguse, wala tusiseme neno."

Wawira alikaa sakafuni, akijiona tayari akimwambia mama kwamba Sufu amekufa. Alitamani kulifunua gunia lakini hakuthubutu. Muda ulikwenda polepole sana. Hatimaye kule kuhema kukapungua, kinywa kikafungwa, na Sufu akaanza kujilamba kifua.

"Alikuwa amezidiwa na hofu," daktari akasema kwa sauti ya chini baada ya kumsikiliza moyo. "Nami kwa kuamini habari ya mbwa nilikuwa namwongezea. Hayo mafundo nitayanyoa mwenyewe siku nyingine, kidogo kidogo."

Jioni mama alifika, amekonda, akitembea kwa kujishikilia ukutani. Wawira hakungoja aulizwe. Alimweleza kila kitu, na ule uongo wa kwenye simu pia.

Mama alikaa kitandani, akavuta pumzi. "Paka hana maneno, Wawira. Sufu alikuambia kwa mkia, kwa masikio, kwa ngurumo. Hata ule ukimya wake ulikuwa kilio. Hukumsikia kwa sababu ulikuwa unakimbizana na uongo wako mwenyewe. Siku nyingine ukikosea, niambie kosa likiwa bado dogo. Na kiumbe yeyote akinyamaza mikononi mwako, mtazame macho kwanza, ujue kama ameridhika au amekata tamaa."